Nyumba Kumi na Moja Zisizo Kwenye Ramani

Kitendawili! Ni chako tangu utotoni, mwizi hakitaki, lakini ukikitaja tu milango inajifunga yenyewe. Ni nini? Umeshindwa? Haya, nipe mji. Recife ya Brazil? Nimekwenda, nimekula, nimeshiba. Jibu ni mahali unapokaa, na aliyelijua hilo kuliko wote ni Josenilda.

Josenilda alikuwa injinia, wa kwanza kuvaa joho la chuo kikuu kule kwao kilimani, mtaa wa makabwela wa Alto do Caburé. Ofisi mbili zilimsifu weee, mpaka zilipofika kwenye anwani. Hapo zikamwambia, "Tutakupigia," na simu ikanyamaza. Basi ofisi ya tatu akaiandikia anwani ya jengo refu la ufukweni, mama yake anakofulia watu nguo. Wakamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Barua zake alizipokea Genivaldo, bawabu wa jengo, na kila akienda kuzichukua, maneno hayaishi.

"Karibu nyumbani, mama mwenye jumba! Bwawa la kuogelea limekuulizia."

"Punguza sauti, mjomba, utaniponza!"

Miezi mitatu ikaisha siku ya Ijumaa. Asubuhi hiyo mkataba wake ulikuwa mezani kwa bosi, unangoja saini. Pembeni yake kulikuwa na mchoro wa mitaro ya mvua, kazi ya injinia mwenzake Rodolfo, ambaye alikuwa ameushusha mtaro mkubwa moja kwa moja ubavuni mwa kilima cha Caburé.

"Hapo haupiti," Josenilda akaropoka. "Kuna nyumba kumi na moja."

"Dada, bado una usingizi?" Rodolfo akasema. "Ramani inaonyesha kichaka."

"Kichaka gani kimeanika masufuria?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bosi, Mama Verônica, hakucheka. Akavua miwani.

"Josenilda, umejuaje?"

Josenilda akaomba ruhusa ya dakika moja, akatoka mpaka kwenye ngazi, akampigia Genivaldo, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Nikisema, mjomba, kazi sina."

"Usiposema, mama yako atavua samaki jikoni kwake. Halafu mimi nimechoka! Mke wangu ameziona bahasha zako, tangu jana ananiuliza huyo Josenilda ni nani. Nimelala kwenye kochi, mwanangu!"

Josenilda akacheka peke yake pale kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza, ile hofu ilikuwa imepungua, akaona afadhali aingie kabla haijarudi.

Mama Verônica alikuwa vilevile, miwani mkononi, mkataba haujaguswa. Josenilda akachukua penseli ya Rodolfo. Juu ya kichaka cha kwenye mchoro akachora vijumba kumi na kimoja, taratibu, bila kuinua kichwa, na kimoja akakipaka weusi.

"Hii ni ya mama yangu, bosi," akasema. "Na hapo Rodolfo anapopitisha maji ndipo kilipo kitanda changu."