Kiwingu cha Alasiri

Mwanga ulitoka chumba cha juu cha maabara kupitia tundu la dirisha lisilozidi kiganja. Ukapita juu ya mapaa ya mabati, kiwanda cha mikate, uwanja wa shule na barabara kuu, hadi kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne alikoishi Shangazi. Hapo ulikutana na kiakisi ukarudi ulikotoka. Hakuna aliyeuona. Njiwa waliukata katikati wakaendelea na safari zao. Watoto walicheza mpira chini yake. Kwa macho ya binadamu, wekundu ndio mwisho wa rangi. Mwanga huu ulikuwa ng'ambo ya mwisho huo, katika eneo la infraredi, ambako hewa tunayoiona tupu huwa imejaa vivuli.

Leza iliyoutoa iliundwa na mhandisi mmoja, mwanamke asiyependa kuulizwa anajisikiaje. Moyo wa leza hiyo ulikuwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele, uliotiwa madini adimu ya thuliamu na kuzungushwa ndani ya sahani ya alumini kama kamba iliyokunjwa na mtu mwenye subira. Ilitoa rangi mbili zinazofanana kama mapacha. Pacha mmoja alimezwa na hewa ukaa kila alipokutana nayo, mwingine akapita salama. Ukiwalinganisha wanaporudi, unajua hewa ukaa iliyoko njiani ni kiasi gani, na hujainuka kitini.

Kwa hiyo mhandisi alikaa akautazama mji ukipumua. Tanuri la mikate lilipowashwa, mstari kwenye skrini ulipanda taratibu. Upepo ulipovuma, ulishuka. Wakati wa joto kali mstari uliyumbayumba kama mtu anayesinzia, na yeye naye, akiwa peke yake na mngurumo wa feni, mara nyingine hakuwa na hakika ni nani kati yao aliye macho.

Tatizo lilikuwa moja. Mwanga uliorudi ulikuwa unapungua, wiki baada ya wiki.

"Uzi wako unazeeka," alisema Mkuu wa maabara, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Vioo vya namna hii vina ugonjwa wao. Vikipitishwa mwanga mwingi, vinaingia giza kwa ndani. Si aibu. Ni fizikia."

"Nguvu inayotoka haijapungua, Mkuu. Nimeipima."

"Kwa kipimo gani? Kile? Kile kinastahili pensheni."

"Nipe kingine, basi."

"Sina. Wenzetu wa chini wanaopima upepo wanahitaji sahani yako na vifaa vyake. Ijumaa tunaifungua, tunawagawia."

Alipoondoka, fundi wa elektroniki alizungusha kiti chake. Walimwita Transfoma, kwa kuwa siku nzima aliunguruma wimbo usio na maneno.

"Mkuu akisema Ijumaa," alisema, "hata Ijumaa yenyewe inaogopa kuchelewa."

Mhandisi hakucheka. Sahani ile ilimchukua miaka ya kuunganisha, kuvunjika na kuunganisha tena. Ikishafunguliwa, uzi utakatwa vipande, na vipande havirudi kuwa uzi.

Kiakisi alikuwa amekifikiria mapema. Kilikuwa kitu kidogo kama kibakuli, chenye kuta tatu zilizokutana kwenye pembe moja, na Shangazi alikubali kifungwe kwenye ukuta wa kibaraza chake kwa sharti kwamba hakitapiga kelele. Dalili za kwanza zilipojitokeza, mhandisi alimpigia simu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Naomba kuuliza, kile kibakuli kimeingia vumbi?"

"Vumbi? Kwangu mimi?"

"Nauliza tu."

"Mwanangu, hilo ni tusi. Kinang'aa kuliko siku mliyokileta. Njoo ujitazame uso."

Shangazi ndiye aliyemlea tangu darasa la kwanza. Katika nyumba ile sufuria iliyooshwa vibaya ilirudishwa karoni bila maneno, na mwoshaji akarudi nayo. Mhandisi, ambaye hakupokea namba yoyote bila kuuliza inaweza kukosea kwa kiasi gani, alilipokea neno la Shangazi kuhusu usafi kama lilivyo. Kiakisi ni safi. Akakiondoa miongoni mwa washukiwa, akarudi kuusumbua uzi.

Jumatano alasiri aliketi na vipimo vya miezi yote. Nje mabati yalikuwa yanapiga mawimbi ya joto, na majengo ya mbali yalionekana kama yamechorwa juu ya maji. Transfoma alivua miwani yake, akaisogeza mdomoni, akaipulizia *haah* pande zote mbili, kisha akaifuta kwa pindo la shati.

"Utaikwaruza," alisema mhandisi bila kugeuka.

"Imeshakwaruzika zamani. Hivi ndivyo ninavyoiona dunia, ina mistari."

Mhandisi aligeuka. Akaitazama miwani. Kisha akatazama skrini, kwa muda mrefu hata fundi akaacha kuunguruma.

"Nimefanya nini tena?" aliuliza.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Kuipulizia."

Akarudia, kwa mashaka, kama mtu anayedhani anachezewa.

Mhandisi alikuwa ameiandikia kompyuta amri ya kutupa kila kipande cha vipimo ambapo mwanga ulikatika ghafla, pamoja na kilichokitangulia. Vipande hivyo aliviita ndege, kwa sababu njiwa walikuwa wengi. Sasa aliifuta amri ile. Ndege wote wakarudi kwenye skrini, mamia ya nukta fupi zisizo na mpangilio. Katikati yao, kila alasiri, kulikuwa na ndege mmoja asiyefanana na wenzake. Kabla ya kukatika, mwanga ulionyesha kiwingu kidogo cha hewa ukaa pamoja na mvuke, kikapanda na kuyeyuka. Kisha giza la muda mfupi, kama mtu aliyeweka mkono. Kisha mwanga ukarudi, umepungua kidogo kuliko ulivyokuwa kabla.

"Njiwa gani huyu anapumua kwanza ndipo apite?" aliuliza Transfoma.

"Kioo kinachougua hushuka kwa mteremko," mhandisi alisema. "Hizi ni ngazi." Alichukua mkoba wake. Kabatini kulikuwa na kiakisi cha akiba ndani ya boksi la povu. Akakitia humo na bisibisi.

Alivuka mji kwa miguu, chini ya mstari wa mwanga wake mwenyewe. Aliujua ulipopita: juu ya bomba la kiwanda cha mikate, juu ya goli la upande wa kushoto, kati ya nguzo mbili za taa. Aliinua macho mara moja, na hakuona kitu, kama alivyojua kwamba hataona. Hata hivyo alitembea kwa uangalifu, kama anayepita chini ya kamba ya nguo za watu.

Shangazi alikuwa kibarazani, kitambaa mkononi. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na dawa ya meno, imeminywa katikati.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Umekonda. Hebu ona kazi ya mikono yangu." Alisogea pembeni. "Mlikileta kimejaa umanjano. Nikasema, hawa wasomi, kitu chao kimeshika kutu nao wananiletea hivyohivyo. Nikaanza nacho. Kila alasiri kidogokidogo, maana ukilazimisha unavunja. Sasa tazama."

Kuta tatu za kibakuli zilikuwa nyeupe, kama bati jipya. Kwenye pembe ya ndani kabisa, ambako kidole hakifiki, palibaki mstari mwembamba wa njano.

"Unakipulizia kwanza?"

"Haah. Pumzi inalainisha. Ulifundishwa kusafisha kioo na nani, kama si mimi?"

Mhandisi hakuwa na kawaida ya kuupamba ukweli. "Shangazi, ule umanjano ulikuwa dhahabu."

Kitambaa kilishuka. Chini barabarani gari lilipiga honi, likajibiwa.

"Dhahabu ya kweli?"

"Ya kweli. Nyembamba sana. Macho yanapenda hiki cheupe, lakini mwanga wetu unapenda dhahabu. Cheupe kinaumeza."

Shangazi alikitazama kitambaa, akakikunjua, akakitazama upande wa pili. Kilikuwa na doa la kijivu tu. "Na nyie," alisema hatimaye, "mnampa mtu dhahabu ukutani kwake halafu mnanyamaza? Uliniambia nikiangalie kisianguke. Je, kimeanguka?"

"Hakijaanguka."

"Ulisema nisikioshe?"

"Sikusema."

"Haya."

Ilikuwa hoja isiyo na tundu. Mhandisi alifungua boksi, akalegeza skrubu, akakitoa kibakuli cheupe na kukifunga cha njano mahali pake. Jua la jioni liliingia ndani yake, likageuka na kurudi lilikotoka. Shangazi aliweka mikono nyuma, kama mtu aliye dukani mwa vyombo vya bei.

"Sasa ulijuaje?" aliuliza. "Nani alikuambia nakipulizia?"

"Niliiona pumzi yako. Kule maabara."

"Kutoka kule?"

"Kila alasiri. Nilidhani ni njiwa."

Shangazi aliangalia ng'ambo ya mapaa, kule ambako dirisha la maabara halikuonekana kabisa katika ukungu wa joto. "Ilikuwaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mhandisi alifikiri, akajibu kilichopimwa. "Ndefu kuliko ya tanuri la mikate. Lile linasambaa. Yako inasimama wima."

"Eh!" Shangazi akaketi kwenye kigoda, akacheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa kilekile. "Nimewashinda waoka mikate! Basi, sikigusi tena. Ila kupumua, hilo nalo nimekatazwa?"

"Hujakatazwa. Simama mbali kidogo tu."

Ijumaa Mkuu alikuja na mtu wa kutoka chini aliyebeba kisanduku kitupu. Hakufungua kitu. Mwanga uliorudi ulikuwa umesimama palepale ulipokuwa siku ya kwanza, leza ni ileile na sahani ni ileile. Mkuu alisoma namba, akaomba ngazi zile azione, akazipitia moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo uzi ni mzima," alisema.

"Ni mzima."

"Dawa ya meno." Alilitamka neno hilo polepole, kama jina la ugonjwa mpya. Kisha akamwambia mtu wa chini arudi na kisanduku chake.

Hakuondoka mara moja. Alasiri ilikuwa nzito, mabati yalikuwa yanapiga mawimbi, na mstari kwenye skrini uliyumba kwa usingizi wake wa kila siku. Transfoma aliunguruma. Ndipo mstari ukapanda ghafla, hewa ukaa na mvuke pamoja, ukasimama wima, ukayeyuka.

Mkuu alisogeza uso karibu na skrini. "Huyo ni ndege?"

"Hapana," alisema mhandisi.

Wote watatu walisubiri mkono uje kuufunika mwanga. Haukuja. Mstari ulirudi chini ulikokuwa, na mwanga haukupungua hata kidogo.