Foleni Imesafishwa

Tuelewane mapema, maana kila habari hii inaposimuliwa hapa Masasi hakosi mtu wa kudakia, "Kwani si mngepiga simu tu?" Simu zilipigwa. Zilipigwa mpaka sikio la Loveness likawa la moto. Anayedhani watu walikaa wamekunja mikono anyamaze kwanza, asikilize.

Loveness alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ndogo nyuma ya soko, ofisi ya mradi wa kuwaita wachangia damu kwa simu. Hospitali ikipungukiwa, ofisi inatuma ujumbe kwa watu wa Masasi na Newala, na mwenye kundi linalotakiwa anajibu NDIYO na jina la kijiji chake, bure, kwa namba fupi. Majibu hayo hayaendi moja kwa moja kwa binadamu. Yanaingia kwanza kwenye foleni ndani ya kompyuta, yanajipanga kwa kufuatana, halafu programu inayoitwa msomaji inayasoma moja baada ya jingine na kuielekeza gari ya hospitali ikamchukue nani, wapi. Kazi ya Loveness ilikuwa kukaa mbele ya ukurasa unaoonyesha foleni hiyo, ahakikishe inatembea. Kuigusa hakuruhusiwa. Pale juu pembeni, chini ya jina lake, paliandikwa "Ya kutazama tu", na wenzake walimtania kwa hilo kila walipokosa la kuzungumza.

Siku hiyo aliyehitaji damu alikuwa Dorothy, mdogo wake, tumbo moja.

Dorothy alikuwa anateremka kutoka Newala kwa bodaboda wakavaana na fuso kwenye kona. Dereva alichubuka viwiko, basi. Dorothy wengu wake ulipasuka. Hospitalini walimpasua asubuhi, wakamwongezea damu yote ya kundi lake waliyokuwa nayo, na haikuwa nyingi, kwa sababu ni O hasi, na wenye O hasi huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Loveness alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. O chanya. Akasema nipeni hivyo hivyo, mtu anakufa, daktari akatikisa kichwa: kwenye uzazi wake Dorothy aliwahi kupewa chanya na mwili ukaikataa, safari hii wakijaribu watammaliza wenyewe. Ikipatikana damu mapema watamrudisha ndani wamalizie kazi. Isipopatikana, alisema daktari, na hapo akamgeukia mama yao, akamwita Mama Loveness kwa upole sana, hakumalizia.

Wachangiaji wa O hasi waliokuwa kwenye kumbukumbu za ofisi walikuwa watatu. Mmoja ametoa damu majuzi tu. Wa pili amehamia Dar. Simu ya wa tatu ilipokelewa na mama mmoja wa Tunduru aliyesema namba ni yake siku nyingi na amechoka kusumbuliwa. Ndipo likatumwa tangazo kwa watu wote, na Loveness akarudi ofisini mbio, akakaa mbele ya ukurasa wake.

Majibu yakaanza kuingia! Kwenye sehemu ya "Unaosubiri" namba ikawa moja, ikawa nne, ikawa tisa. Julia wa mapokezi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akasema, "Watu wana roho nzuri, jamani." Loveness akatabasamu, halafu jicho likahamia upande wa pili, kwenye "Uliosomwa". Sifuri. Akaburudisha ukurasa ili ulete namba mpya. Wanaosubiri kumi na mbili, waliosomwa sifuri. Msomaji alikuwepo, taa yake kijani, ila alikuwa anachukua jibu la kwanza, linamshinda, analirudisha pale pale mbele, analichukua tena.

Na lile jibu la kwanza lilikuwa nini? Dua! Mtu fulani, Mungu ambariki na amsamehe, badala ya kujibu NDIYO alituma dua ndefu iliyojaa picha za maua na mikono iliyokunjwa, na msomaji hakufundishwa kusoma maua. Loveness aliona mwanzo wake tu kwenye taarifa ya hitilafu: "Ee Baba mponye". Nyuma yake wenye damu walikuwa wamepanga mstari na hakuna aliyewaona sura. Namba zao, vijiji vyao, vyote vilikuwa ndani ya foleni, na yeye alioneshwa idadi tu. Alibonyeza juu ya foleni. "Huna ruhusa." Akabonyeza tena, kama mtu anayesukuma mlango anaoujua kuwa umefungwa.

Meneja wao, Lameck, alikuwa semina Mtwara na simu ameizima. Nywila yake yenye ruhusa zote alikuwa amemwachia Abdulrazaki kule Newala, mtunza mitambo. Abdulrazaki hakusomea kompyuta, alisomea umeme. Mashine ikizimika anaiwasha, betri ikifa anabadilisha. Na alikuwa mtani wa Loveness, wale watani wa kweli wa kabila kwa kabila, hawasalimiani bila kutukanana. Siku Loveness alipopata kazi, Abdulrazaki alimwambia mradi umeshakufa, tuanze kuchimba kaburi.

"Mtani!" alipokea. "Umeshindwa kutazama leo?"

"Abdu, utani sitaki. Foleni imekwama na ile damu ni ya Dorothy."

Akajibu kwa sauti nyingine kabisa, "Niambie la kufanya, dada."

"Ingia kwa nywila ya Lameck. Fungua foleni inayoitwa MAJIBU. Pale mbele pamechafuka, kuna ujumbe mmoja wenye maua..."

"Nakusikia nusu nusu! Pamechafuka?"

"Pamechafuka mbele! Toa ule mmoja wa mbele, mmoja tu, hiyo mingine..."

"Pamechafuka, nimekuelewa! Napasafisha sasa hivi!"

"Abdu, ngoja. Abdu?"

Mtandao ukakata. Loveness akapiga, hapatikani. Akapiga, hapatikani. Akamwandikia: TOA WA MBELE TU. Tiki moja, haujamfikia. Aliitazama ile tiki moja, aliyazungusha macho kwenye ukurasa, akarudi kwenye tiki, mpaka Julia akamletea maji bila kuombwa.

Waliosubiri walikuwa kumi na tisa. Alikuwa anaiangalia namba hiyo hiyo ilipogeuka. Haikuteremka kumi na nane, kumi na saba, kama inavyoteremka msomaji akisoma. Iligeuka sifuri kwa mpigo, na juu ya ukurasa ukatokea mstari wa kijani: Foleni imesafishwa.

"Imetembea!" Julia akapiga makofi. "Imekwisha yote! Mungu mkubwa!"

Loveness hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye "Uliosomwa". Sifuri, vile vile.

Simu ikaita. "Mtani!" Abdulrazaki alikuwa anahema kwa furaha. "Pako peupe! Wameshaanza kuitwa?"

"Umebonyeza nini, Abdu?"

"Safisha. Vitufe vilikuwepo viwili, Safisha na Futa. Futa niliiogopa, nani hajui kufuta? Nikabonyeza Safisha. Ikaniuliza, una hakika? Nikaweka Ndiyo."

Hapa mimi nina ugomvi na mtu mmoja, huyo aliyekaa sijui wapi akautafsiri ule ukurasa kwa Kiswahili. Safisha! Abdulrazaki amekulia chini ya mikorosho. Newala nzima, ukimwambia mtu asafishe shamba, atafyeka majani, atafagia chini ya miti, ili korosho ikidondoka ionekane. Uchafu unaondoka, korosho zinabaki. Nitajieni mtu mmoja wa huku aliyewahi kusafisha shamba akamwaga na korosho. Lakini kwa yule bwana wa tafsiri kusafisha ni kutoacha kitu, na Futa, ile iliyomtisha Abdulrazaki, ni kuondoa hata foleni yenyewe. Kijana wa watu aliwekwa kati ya vifo viwili akachagua kile chenye jina zuri.

"Abdu," Loveness alisema, "umewatupa wote."

"Nani?"

"Wenye damu."

Loveness akamsikia akibonyeza, anabonyeza, anabonyeza, kama vile kuna kitufe cha kurudisha. Hakipo. Loveness alijua hakipo, ila hakumkataza, kwa sababu na yeye alikuwa anaburudisha ukurasa.

Walifanya yaliyobaki. Walipiga kampuni ya simu, binti mwenye sauti nzuri akasema ujumbe wote ulifika salama, na namba za watumaji hazitolewi bila barua rasmi, je, kuna huduma nyingine? Walituma tangazo la pili: waliojibu mwanzo, tafadhali jibuni tena. Msomaji sasa alisoma vizuri, chapuchapu, hakuna kinachomkwamisha. Akasoma jibu la mtu asiyejua kundi lake. Akasoma la aliyeuliza kama kuna soda. Akasoma la mmoja wa Lupaso aliyesema NDIYO kwa moyo wote. Gari ikaenda, ikarudi naye, akapimwa, O chanya. Loveness alimpa mkono akamshukuru. Alikuwa anajisikia mjinga, mjinga mwenye kiti na kompyuta, na hasira haikuwa na pa kwenda.

Mama yake alipiga mchana. "Loveness mwanangu, hao watu wanakuja? Mdogo wako anauliza."

"Wanakuja, mama."

"Wako wapi?"

"Wako njiani," akasema, na akaweka simu juu ya meza, akaendelea kutazama. Dorothy alifariki jua likiwa bado juu.

Walimzika Chiwata, kwao, kanisa limejaa mpaka nje. Abdulrazaki alikuja kutoka Newala na watani wenzake. Msibani mtani ana kazi yake: anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu walie huku wanacheka. Wenzake walifanya. Yeye alichukua fagio tangu alipofika akawa anafagia uwanja. Watu wakadhani ndio utani wenyewe, wakamcheka, wakamtupia maganda ya ndizi, akayafagia. Loveness alikuwa amemwambia jana yake, "Sina neno na wewe, Abdu," na lilikuwa kweli, lakini halikumsaidia yeyote kati yao.

Baada ya maziko akaja Mwalimu Cecil, mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alisogeza kigoda karibu na mkeka walipokaa Loveness na mama yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana." Akainama kidogo kuwaelekea. "Nina swali, usinielewe vibaya. Mimi ni O hasi. Nilipimwa zamani Ndanda, nikapewa kadi, ninayo."

Loveness akahisi mkono wa mama yake umekaza juu ya goti lake.

"Tangazo lilipotoka tu nilijibu. NDIYO, Chiwata. Nikaoga, nikavaa viatu, nikakaa barazani nisije nikapitwa na gari. Ukaja ujumbe wa pili, nikasema wananikumbusha hao, mimi nimeshajibu. Nikiwajibu tena nitawajazia foleni bure, niwacheleweshe wengine." Alivua miwani akaifuta kwa kona ya shati. "Nilikaa na viatu mpaka magharibi. Nikawaza, labda waliwapata vijana, damu ya mzee wakaiacha. Ulifika lakini, ule ujumbe wangu?"

Hatua chache kutoka pale, fagio lilikuwa limenyamaza. Loveness hakutaka kutazama upande ule. Kutazama ndiyo kazi aliyoifanya, na leo aliikataa.

"Ulifika, Mwalimu," alisema.

"Afadhali," alisema Mwalimu Cecil. "Nilidhani labda nilikosea kuandika."

Fagio likaanza tena, kwa nguvu, mahali pale pale palipokwisha kufagiwa, mpaka vumbi likawafikia waliokaa kwenye mikeka. Mama Loveness, ambaye hajui kompyuta na hakuna aliyemweleza habari ya vitufe, alimwita kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Abdu, baba, pumzika sasa. Pameshakuwa safi, hapajabaki kitu."