Nakala ya Ijumaa

Mimi ni muuza bagia wa soko la Nachingwea, na kompyuta naijua kwa ubaya wake tu. Ubaya wenyewe nilielezwa na bwana Jofrey, mtu wa kompyuta wa mradi wa miche, tena kwa upole kabisa.

Mradi ule ulipoingia, mwaka tisini na nne, ulimwomba baba yangu, mzee Mbaruku, shamba lake la Likunja wakuzie miche ya mikorosho. Waliliazima kwa miaka kumi, kisha lirudi kwetu. Baba akatia dole gumba kwenye mkataba. Nakala yake hawakumpa. Walisema nyumba ya mkulima inavuja na ina mchwa, wao wana kabati la chuma. Baba akashukuru, maana kweli nyumba ilikuwa inavuja. Alipofariki mwaka elfu mbili tulimzika palepale shambani, na mradi ukachangia sanda.

Miaka kumi ilipotimia, mradi ukawa unafungwa na shamba linatafutiwa mwekezaji wa ufuta. Mama yangu, Hajra, alikuwa kwangu mjini, miguu imemvimba, na neno lake lilikuwa moja.

"Ashura, mie nikazikwe kwa baba ako. Usinilaze na watu nisiowajua."

Basi nikaenda ofisini kuutafuta ule mkataba. Jofrey nilimkuta mezani na bagia zangu za asubuhi, bado ziko kwenye karatasi. Akanikaribisha vizuri, siwezi kumsingizia. Chumba cha kompyuta kilikuwa na feni na kiyoyozi, wakati wodi ya wazazi haina hata pazia.

"Dada Ashura, hapa hakipotei kitu," akasema. "Kila Ijumaa jioni nanakili vyote vilivyomo humu. Nakala moja naifungia hapa, nyingine inakwenda Mtwara. Ofisi ikiungua leo, Jumatatu tunachapa kazi."

Nikafurahi. "Basi nitolee mkataba wa baba."

Akatafuta. Mbaruku hakuwemo. Akachukua nakala ya Ijumaa, akatafuta tena. Hakuwemo. Akakuna kichwa, kisha akakumbuka kwamba mwaka elfu mbili na moja meneja alilalamika orodha imejaa, akaagiza waliofariki waondolewe.

"Aliyefariki ni baba," nikamwambia. "Mkataba ulikuwa mzima."

"Ni kweli, dada."

"Na hizo nakala zako za zamani?"

"Ijumaa mpya naiandika juu ya Ijumaa iliyopita. Kikishafutwa humu, nakala inayofuata nayo inakuwa haina."

Hapo nikaelewa. Nakala zake zilikuwa za kuwaokoa wao na moto wa leo. Kumtunzia mzee wa Likunja neno lake mpaka miaka kumi iishe ni kazi nyingine, na kazi hiyo hakuna aliyepewa. Walidhani kwa kuwa wananakili, basi wanatunza. Baba alipofutwa, wakaendelea kunakili kwa bidii ileile ofisi isiyo na baba ndani yake.

"Na karatasi yenyewe?" nikauliza. "Yenye dole gumba lake. Ya kabati la chuma."

"Kompyuta ilipokuja tukaambiwa karatasi hazina kazi tena. Tulizitoa zote."

"Mkazipeleka wapi?"

Aliangalia bagia zake pale mezani, akaangalia karatasi iliyozifunga, akaisogeza kando kwa kidole.

"Ziliuzwa sokoni, dada. Kwa kilo."

Aliyezinunua namjua. Mlinzi wao aliniletea magunia ya karatasi nyeupe safi, zimeandikwa upande mmoja, nami nikamwombea dua. Nilifungia bagia, nikafungia karanga, nikafungia mihogo ya kukaanga, na wateja wakanisifu kwa usafi. Nusu ya mji huu huenda imefutia vidole mkataba wa baba na kuutupa mtaroni. Sijilaumu. Mimi niliuziwa karatasi, wao waliaminiwa mkataba. Lakini siku ile sikukaanga kitu.

Wazee wa Likunja walisimama barazani wakatoa ushahidi kwamba shamba liliazimwa. Mradi ukaleta ramani yenye mhuri, inayoonyesha shamba ni lao. Ramani hiyo kwa bahati yao haikufungiwa bagia. Wao wakawa na ramani, sisi tukawa na midomo, shamba likauzwa. Mwekezaji akazungusha seng'enge, trekta likalima mpaka ukingoni mwa kaburi.

Mama nilimficha. Kila aliponiuliza kama karatasi ya baba imepatikana, nilimjibu kuwa wanaitafuta, naye akisema watu wa ofisini wana mambo mengi, tuwavumilie. Akafa akiwa anawavumilia.

Tulikodi gari tukampeleka Likunja, maana nilisema maiti haizuiwi. Kijana wa getini hakuwa mkorofi. Alivua kofia, akatupa pole, akachungulia jeneza la msikiti tulilolifunika kwa kanga zake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama tuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba hapo ni kwetu.

Hatukuwa nayo. Dereva akageuza gari, na alasiri tukamzika mama kwenye makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua.