Kivuli cha Kigoda

Katika filamu ile, nyumba ya jirani inachipua ardhini kama uyoga. Ukuta haupo, kisha upo, kisha una mabati. Jua, ambalo siku hiyo lilituchoma bila haraka, linavuka anga mbio kama abiria aliyechelewa basi la Musoma.

Kamera niliinunua nikiwa chuoni, ikiwa imeshatumika. Niliipenda kwa jambo moja: ukiipangia, ilipiga picha yenyewe kila baada ya dakika moja, kisha ikaziunganisha zikawa filamu fupi. Ilinifaa mimi, ambaye kumwambia mtu "tazama huku" kulinitoa jasho.

Mwaka ule mgodi wa dhahabu ulikuwa unapanuka kuelekea kijijini kwetu, upande wa Nyamongo. Kabla ya watathmini kufika, watu walitegesha, yaani walisimamisha haraka haraka nyumba ambazo hakuna mtu angelala ndani yake, ili walipwe fidia. Boma letu lilikuwa katikati ya pilikapilika hizo. Baba mdogo, Heche, alikuwa amepata shamba Machochwe na kutangulia kupeleka ng'ombe. Kilichobaki ni neno la bibi yangu, Mokami. Bila ridhaa yake, hakuna ambaye angethubutu kung'oa hata mti mmoja wa zizi. Naye hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa tu.

Baba mdogo aliniomba nimshawishi, kwa kuwa mimi ndiye mjukuu aliyemwita mke mwenza na kumtania kutwa. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilitaka abaki. Katika nyumba yake nilijifunza kutembea nikishika ukuta, na harufu ya moshi wake ilinifuata hadi bwenini. Nikawaza kwamba akiliona boma lake lilivyo zuri tangu asubuhi hadi jioni, atapata nguvu ya kukataa. Nikaifunga kamera kwenye ghala la ulezi, ikaelekea uani.

Jua lilipozama nikamshikia kioo kidogo cha kamera mbele ya macho. Mwanzo alicheka.

"Kuku wako wamelewa, mke mwenza."

Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Wabeba miti, pikipiki, malori ya mchanga, binamu zangu, wote walipita kama siafu waliovurugiwa njia. Mtu mmoja tu alitulia. Alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta, na aliposogea, alisogea kufuata kivuli. Jioni ilipoingia aliinuka, akaondoa miti ya lango la zizi, akasimama kando kama anayepisha, kisha akairudisha. Hakuna kilichoingia. Yote hayo hayakuzidi kufumba na kufumbua.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha.

"Huyo mzee ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, polepole, kama anayefuta vumbi.

"Nilidhani nakaa nyumbani," alisema. "Kumbe nyumbani kumeshahama. Nimebaki mimi."

Akanitazama kwa jicho lake la utani, ingawa lilikuwa limelowa.

"Wewe ulitaka nikatae."

Niliinamisha kichwa. Nikasikia jiko likitoa cheche ndani, na huko nje nyundo za watu waliokuwa wakiwahi kumaliza paa.

"Huko Machochwe kuna kivuli?"

"Kipo, Bibi," nilijibu, na nilishangaa kuisikia sauti yangu ikiwa imara. "Nitakutafutia ukuta wake."

Siku ya kuhama, yeye ndiye aliyenikumbusha kamera. Alitaka aonekane akiondoka kwa miguu yake. Baba mdogo alipotaka kumpokea kigoda, alimgeuzia mgongo, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye lori.

Filamu hiyo ya pili ninayo bado. Bibi anainuka, anatoka nje ya picha bila kugeuka. Lango la zizi liko wazi. Mahali pa kigoda pamebaki vishimo vitatu vya miguu yake. Alasiri inapofika, kivuli cha ukuta kinakuja, kinavifunika, kinakaa kidogo, kisha kinaendelea na safari yake.