Meza Mbili za Nzuki na Musembi

Nilijifunza kuoka mkate Nairobi, miaka ile marehemu mume wangu alipofanya kazi ya reli. Alipofariki nilirudi Kitui na binti yangu Ndinda, nikakodisha chumba karibu na soko, nikajengewa tanuri la matofali nyuma, na mbele nikaweka meza sita. Hiyo ilikuwa sabini na moja. Watu walikuja kununua mkate, wakakaa kidogo wanywe chai, na kabla sijajua nikawa nina hoteli.

Nzuki na Musembi walikuwa wateja wangu tangu wiki ya kwanza. Nzuki alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake kwenye veranda ng'ambo ya barabara, mtu mrefu ambaye alianza kucheka kabla hujamaliza hadithi yako. Musembi alikuwa karani wa mahakama, mdogo wa mwili, kalamu mbili mfukoni kila siku. Kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa baraza la wazee. Walizaliwa kijiji kimoja kule Matinyani na walibatizwa siku moja.

Kila saa saba mchana walikaa meza ya dirishani. Sahani moja ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katikati, mkate ukiwa bado moto, birika moja la chai. Macho ya Nzuki yalikuwa yamechoshwa na sindano, kwa hiyo Musembi alimsomea gazeti kwa sauti, na Nzuki alibishana na gazeti kana kwamba aliyeliandika amekaa pale. Miaka kumi na mitano ilipita hivyo. Wageni walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka wa themanini na sita Nzuki alimwoza binti ya marehemu kaka yake. Upande wa bwana harusi walileta kaluvu, ile pombe ya asali, kama desturi yetu Wakamba, na Nzuki, akiwa ndiye baba wa msichana siku hiyo, akapokea kibuyu akanywa. Kanisa lao halikubali pombe hata ya kulowesha ulimi. Mtu akapeleka maneno. Jumapili Musembi alisimama na karatasi akasoma majina ya waliotengwa na meza ya Bwana. La pili lilikuwa jina la Nzuki.

Mimi si wa kanisa hilo. Niliyoyaona mwenyewe ni ya Jumatatu. Musembi aliingia kama kawaida, akamkuta mwenzake ameshakaa.

"Baraza lilikaa lini?" Nzuki akamuuliza.

Musembi aliangalia meza. "Alhamisi."

"Na Ijumaa tulikula hapa."

"Tulikula."

"Ukanisomea gazeti. Ukaniuliza habari ya ng'ombe wangu mgonjwa. Ukaninyamazia, halafu Jumapili ukanisoma mbele ya mke wangu."

"Mambo ya baraza ni siri, Nzuki. Niliapa."

Nzuki hakupandisha sauti. Alichukua kikombe chake, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa meza ya mwisho, ile iliyo karibu na mlango wa jikoni, mgongo wake ukimwelekea Musembi. Tangu siku hiyo nilikuwa napika chai ya mabirika mawili.

Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Wanaume hukasirika, njaa huwarudisha. Lakini wote wawili waliendelea kuja, saa ile ile, kila mmoja na meza yake, kana kwamba kutokuja kungekuwa kushindwa. Siku moja nilijifanya nimesahau, nikaweka birika moja mbele ya Musembi, nikamwambia Nzuki kwa sauti, "Chai yenu iko dirishani." Nzuki akanitazama kwa upole, akasema, "Mama Ndinda, basi leo niletee maji." Sikujaribu tena.

Mwaka wa pili ulipokaribia kuisha, sahani ya Nzuki ilianza kurudi jikoni na chakula. Mwanzo ni muthokoi tu uliobaki. Halafu mkate. Alikuwa anamega kipande, anakitafuna muda mrefu mno, halafu anaangalia ukuta. Mimi mkate wangu ni jina langu. Iliniuma. Siku moja nikasimama juu yake mikono kiunoni.

"Fundi, mkate wangu umekuwa mbaya siku hizi?"

"Mkate wako ni mzuri, Mama Ndinda."

"Mbona naurudisha kwa kuku?"

Akacheka kidogo, ila kicheko kilikatika katikati, akashika shingo. "Labda nimezeeka," akasema.

Nilimsikia akisema hivyo na nilikiona kile kiganja chake shingoni. Bado nilirudi jikoni nikiwa nimeudhika. Nilimwambia hata Musembi, na alinijibu bila kuinua macho, "Anatususia sote sasa." Baadaye Nzuki akawa anaagiza skonzi moja, anailoweka kwenye chai mpaka inakuwa uji. Halafu chai peke yake. Shati lake, alilolishona mwenyewe, lilimning'inia mabegani kama la kuazima. Halafu hakuja tena.

Nilivuka barabara. Cherehani ilikuwa imefunikwa gunia. Muuza viatu wa jirani aliniambia Nzuki yuko nyumbani, kwa hiyo Jumamosi nikafunga hoteli mapema nikaenda Matinyani. Mkewe, Muthoki, alinipokea uani. Aliniambia hospitali walikuta uvimbe kwenye koo, na kwamba daktari aliuliza mbona wamechelewa hivyo. "Hakuniambia," Muthoki akasema. "Nilikuwa nampikia, na yeye anasema ameshakula kwako."

Jumatatu saa saba nilikaa mbele ya Musembi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na mteja. Nikamweleza yote. Kijiko kilibaki hewani, halafu akakirudisha kwenye sahani polepole.

"Twende leo," nikamwambia.

"Niende nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Kaa naye."

Akatikisa kichwa. Alisema atawaomba wazee wamrudishe Nzuki kanisani kwanza, aende na barua mkononi. Hakutaka kufika mikono mitupu. Baraza lilipaswa kukaa Alhamisi, likaahirishwa, mzee mmoja alikuwa na msiba Kikima. Likakaa wiki iliyofuata, likakubali. Siku kumi na moja zikaisha hivyo. Nilimsukuma, lakini si vya kutosha, maana hata mimi niliona barua ni jambo jema.

Tulienda pamoja, mimi na mkate laini nilioumegamega ndani ya maziwa ya moto, yeye na bahasha. Nzuki alikuwa amelala karibu na dirisha, mrefu kuliko kitanda, mwembamba kama mti wa uzio. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. Musembi alivaa miwani akasoma barua yote, mpaka tarehe, mpaka mhuri.

Nzuki alisubiri amalize. Akamwita kwa kidole asogee karibu.

"Ile Ijumaa," akanong'ona. "Ungeniambia, ningekuja mwenyewe mbele ya wazee. Ningesema nimekunywa. Sikuwa naficha."

"Najua."

"Basi mbona?"

Musembi alivua miwani. "Ulikuwa na furaha ya harusi siku ile. Sikuweza. Nikasema nitakuambia kesho, na kesho nikaogopa." Halafu akalia, mtu mzima, kalamu zake mbili mfukoni, na Muthoki akatoka nje asimtazame.

Nzuki hakusema amemsamehe. Kusema kweli hakusema tena kitu. Ila Musembi alipochukua bakuli langu na kijiko, alifungua mdomo. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kikapita kwa shida, tukamwona akifumba macho. Cha tatu kilirudi chote, na Musembi akampangusa kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, akakaa ameshika bakuli mpaka maziwa yakapoa.

Nzuki alikufa Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, ng'ombe wakitolewa zizini.

Kanisa lilimzika kwa heshima zote. Mwandishi ndiye husoma historia ya marehemu, basi Musembi akasimama kando ya kaburi. Alisoma alipozaliwa, aliposoma, watoto wake watano. Alipofika mahali pa kazi yake kanisani akakunja karatasi. Akasema, "Nilijua siku tatu kabla, nikala naye, nikanyamaza." Mchungaji alikohoa. Musembi akarudi kukaa, na wiki hiyo akaandika barua ya kuacha uandishi.

Kwangu hakurudi tena. Nilimwona akipita upande ule mwingine wa barabara na mkebe wa chakula kutoka nyumbani.

Mara ya mwisho tulionana mwaka wa tisini na tatu, kwenye benchi la hospitali, wote wawili tumeleta presha zetu zipimwe. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Tuliulizana habari za watoto. Halafu akauliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba muda mrefu.

"Mama Ndinda, ile miaka miwili, aliwahi kusema lolote kunihusu?"

Ningeweza kumwambia hapana, tukamaliza. Lakini kulikuwa na siku moja. Musembi alikuwa na malaria, hakuja siku nne. Siku ya tatu Nzuki alimaliza chai yake, akasimama mlangoni mwa jikoni, akaniuliza, "Yule wa dirishani, hajambo?" Nikamjibu ni homa tu. Akasema, "Mpelekee mkate," akaenda zake. Mimi nikapeleka mkate. Ila sikusema umetoka kwa nani, maana niliogopa Musembi asije akaukataa.

Nilimweleza hivyo hivyo.

"Niliula mkate ule," akasema. "Na wewe hukuniambia."

"Sikukuambia."

Muuguzi akaita jina lake. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akaingia ndani, na mimi nikasogea mahali pake kwenye benchi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma.