Fundo la Mgongoni

Fundi wa kushona vitabu alikuwa na tabia moja iliyomkera meneja wa kiwanda cha uchapaji: alisoma kila alichokishona. Wenzake walipiga chapa, wakakunja, wakakata, wakaenda zao. Yeye, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, hakuweza kutia sindano kwenye karatasi asiyojua inasema nini. Kwa mtindo huo alishasoma vitabu vingi nusunusu, na hadithi nyingi alizijua mwanzo bila kujua ziliishia wapi.

Jumatano hiyo mezani palikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, nakala thelathini za kwanza, za kukabidhiwa Ijumaa. Meneja hakumung'unya maneno: kazi ikichelewa, zinazofuata zitapelekwa kwa wale wanaobandika vitabu kwa gundi, na meza ya kushonea ifungwe. Mezani hapo walikuwa wawili tu, fundi na wifi yake, dada wa mumewe, aliyemkunjia karatasi na kumtania kutwa nzima.

Walipofika herufi ya K, sindano ikasimama.

"Wifi, hebu nisomee hapa. Labda miwani yangu imeingiwa na wazimu."

Wifi akasoma: "Kettle-stitch. Mshono wa kupambia kitambaa cha kufunikia birika lisipoe." Akaangua kicheko. "Kumbe unajua na hayo! Nishonee kimoja basi."

Fundi hakucheka. Neno hilo alilijua kuliko alivyolijua jina la mtaa wake. Marehemu baba mkwe, aliyemfundisha kazi, alilitaja kila siku akiwa amemsimamia kichwani: kaza hapo, rudia, kaza tena. Ni neno adimu, hata wenye lugha yao wengi hawalijui. Yeye alikuwa akilitenda kwa mikono, juu na chini ya mgongo wa kila kitabu, kwa miaka ishirini na sita. Leo wasomi wazima wamelipeleka jikoni! Aliona ametukanwa yeye, na mkwewe ametukanwa kaburini.

Akaweka sindano chini. "Uongo huu siushoni."

Meneja alikuja mbio, jasho likimtoka. "Mama, unanitafutia balaa gani? Ni mstari mmoja!"

"Basi usahihishwe huo mmoja."

"Nikimpigia mhariri simu, akakasirika, akaichukua kazi yake, mimi simo."

"Mpigie," fundi akasema.

Kabla ya adhuhuri mhariri mkuu akafika, mzee mrefu mwenye mkoba na hasira zake. "Nani amesimamisha kamusi yangu?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba," akajibu, na salamu ile ikampunguza moto kidogo. "Mwanangu, neno hili nani atalitafuta? Tulilikuta kwenye orodha, tukakosa anayelijua. Tukakisia."

"Atakayelitafuta ni asiyelijua, kama nyinyi. Naye mtampa birika."

Akachukua vitabu viwili vya kazi iliyotangulia, vilivyoshonwa lakini bado havijavikwa majalada. Kimoja akakikata mafundo ya juu na ya chini, tap, tap, kwa mkasi. Akampa mzee vyote viwili avifungue. Cha kwanza kilitulia mkononi. Cha pili, mara ya tatu kufunguliwa, karatasi zake zilianza kuteleza, hizi zikitokeza, zile zikizama.

Mhariri akatoa kalamu. "Haya. Nieleze kwa maneno."

Hapo ndipo fundi alipokwama. "Ni pale uzi... unapokuwa umetoka... halafu..."

"Leo umepatikana!" wifi akamchokoza.

Fundi akafumba macho. Akaanza kushona hewani, bila sindano, na kinywa kikafuata vidole: "Fundo linalopigwa kwenye ncha mbili za mgongo wa kitabu, kwa kupitisha uzi chini ya mshono wa mkunjo wa karatasi uliotangulia na kuukaza, ili kila mkunjo ushikwe na mwenzake."

Mhariri aliandika yote, hakubadilisha neno. "Na mfano wa matumizi?"

"Kitabu kisichokazwa fundo hili hakimalizi muhula."

Wifi akapiga makofi, safari hii bila utani wowote. Kifua cha fundi kikajaa, akainama kuokota uzi ambao haukuwa umeanguka.

Mhariri akamgeukia meneja. "Chapa upya karatasi hiyo. Ijumaa ikinipita, nitasubiri Jumatatu. Na vitabu vyangu gundi hapana, vitashonwa hapa." Meneja akaitikia, akaondoka kuwasha mashine.

Ukabaki ukurasa wa mwisho wa kamusi, uliokuwa haujachapwa, wenye orodha ya wataalamu walioshauriwa. Mzee aliufungua juu ya meza: profesa, daktari, profesa, mhandisi, daktari. Akaweka kalamu chini ya jina la mwisho.

"Na wewe nikuandike nani?"

"Fundi."

"Fundi tu?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

"Hiyo 'tu' usiiandike, mzee."