Ndege Wangu Hafanyi Kibarua

Baba mkubwa aliuza makochi, na sebule yake ilikuwa duka la pili. Makochi yote yalikuwa yamevalishwa nailoni tangu yatoke kwa fundi. Ukikaa yanalia kama umekanyaga chura, ukiinuka yanakubandua ngozi ya mapaja. Hakuna aliyeruhusiwa kuitoa hiyo nailoni. Katikati ya makochi, juu ya kijimeza chenye kitambaa cha kufuma, kulikuwa na tundu la kasuku, naye alitunzwa vilevile kama kochi: asiguswe, asichafuke, asifanye lolote.

"Ndege wangu hafanyi kibarua," baba mkubwa alipenda kuwaambia wageni, tumbo mbele. "Ndege wa wenzangu wanahangaika kutafuta. Huyu analetewa."

Na kweli aliletewa. Kila asubuhi alimwagiwa mbegu za alizeti kwenye kibakuli cha kioo, tena zimeshamenywa. Zimemenywa, jamani, kama vile analishwa bibi asiye na meno! Kasuku alikula, akamaliza, na siku nzima iliyobaki hakuwa na la kufanya ila kumtazama baba mkubwa. Kuna adhabu gani kubwa kuliko hiyo? Ndipo akaanza kujinyonyoa manyoya.

Aliyeyafagia manyoya hayo ni binti wa mdogo wake baba mkubwa, aliyeishi pale kwa ajili ya shule. Hakuwa msemaji. Maneno yalimjaa kifuani, yakasukumana kutoka yote kwa pamoja, halafu hakuna lililotoka. Baba mkubwa, kwa huruma zake nyingi, akampa jina la Bubu.

"Oneni maajabu ya nyumba hii," alisema mezani. "Ndege anaongea, mtu haongei." Akacheka mwenyewe, maana hakuna aliyemsaidia.

Huyo ndege anayeongea alijua vitu viwili tu: "Karibuni, kaeni!" na "Msivute nailoni!" Ndiyo hekima yote aliyoipata kwa mwenye nyumba, na ukimjua mwenye nyumba unaona kabisa kwamba hakubaniwa kitu.

Kifua cha kasuku kilipobaki kitupu, baba mkubwa alianza kutafuta wa kulaumiwa. Mara ni upepo wa dirishani, mara vumbi la ufagio wa Bubu, mara jicho baya la jirani. Mwisho alikwenda kwa fundi cherehani, akarudi na fulana. Fulana ya ndege! Nyekundu, tena ina vifungo. Kasuku akavalishwa kwa nguvu, akasimama pale kama golikipa wa timu inayofungwa kila wiki.

"Mwezi ujao anakuja meneja wa hoteli kuangalia makochi," baba mkubwa alitangaza. "Nataka huyu amkaribishe. Akibaki uchi hivi, namrudisha kwa muuza ndege anibadilishie."

"Na huyu atafanywaje?" aliuliza mama mkubwa, mkewe.

"Shauri yake muuza ndege. Kwani wewe kochi likipasuka unalikalia matanga?"

Bubu alikuwa amepita kwenye kibanda cha muuza ndege mara nyingi akitoka shule. Ndege wagonjwa hawakupewa tundu pale. Walitiwa kwenye boksi moja nyuma, bila maji, na boksi lile halikuwahi kujaa. Usingizi ukampaa.

Kesho yake akaanza kuangalia vizuri. Aliona kwamba kasuku alipokuwa akipambana na vifungo vya ile fulana, hakugusa manyoya yake. Alikivuta kifungo, akakizungusha, akakata uzi mmoja mmoja kwa bidii. Kifungo kikidondoka, kazi imekwisha, anarudi kujinyonyoa.

Halafu kulikuwa na kuku wa mama mkubwa uani. Bubu ndiye aliyewalisha, na alizoea kufagia majani makavu kwenye kona akawarushia mtama humohumo ndani. Kuku walichakura toka asubuhi, kila mmoja ana shughuli zake, hakuna ugomvi. Siku moja tu baba mkubwa aliamuru majani yachomwe, eti ua unafanana na msitu, na mtama ukawekwa kwenye sahani. Wakala mara moja wakamaliza. Kufika alasiri walikuwa wanadonoana mikia mpaka damu. Bubu akajumlisha mwenyewe, wala haikuhitaji kalamu.

Akachukua alizeti zenye maganda yake, nyingine akazisokota ndani ya vipande vya gazeti, nyingine akazichomeka kwenye majani ya mahindi, akafunga vyote kwenye vyuma vya tundu. Kasuku alivitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akasogea, akachana kidogo, mbegu ikadondoka. Weee! Hapo ndipo alipogeuka fundi bomoabomoa.

Baba mkubwa aliporudi, alikuta vipande vya gazeti juu ya zulia. Kimoja kilikuwa juu ya nailoni.

"Nani amegeuza sebule yangu jaa?"

"Ba... baba mkubwa," Bubu alijaribu, "ndege a... anapenda kutafu..."

"Atafute nini? Nimemnyima nini mimi? Unataka watu waseme nimeshindwa kumlisha?" Alizoa kila kitu akakitupa nje. "Kwenye nyumba yangu, ndege hafanyi kibarua. Usirudie!"

Bubu akainamisha kichwa. Moyoni alimtukana matusi ya kila rangi, na huko moyoni hakuwa na kigugumizi hata chembe.

Alimkuta mama mkubwa jikoni.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Hasikii."

"Nani, huyu? Huyu hapokei kitu mkononi mwa mtu. Kaa hapo uangalie."

Mama mkubwa akachukua nyama iliyonona kuliko zote, akaizamisha chini kabisa ya sufuria, juu yake akapanga mifupa. Mezani akampakulia mumewe vizuri tu. Baba mkubwa akaisukuma sahani, akashika upawa, akaanza kuchimba sufuria kama anatafuta kisima.

"Aha!" Nyama imepatikana. "Mlidhani mtanificha? Mimi hamniwezi!"

"Una macho wewe, baba," mama mkubwa alisema bila hata kutabasamu. "Sijui nifanyeje."

Bubu alitazama lile shavu likitafuna kwa ushindi. Kumbe na huyu anachakura! Tofauti yake na kuku ni kwamba kuku hajisifu.

Siku iliyofuata aliliacha hindi moja zima, na majani yake, juu ya kochi analokalia baba mkubwa. Kisha akajibanza nyuma ya pazia.

"Bubu!" Nyumba ikatikisika. Baba mkubwa alilinyanyua lile hindi kwa vidole viwili, akaliweka juu ya tundu ili akamtafute mwenye makosa. Hakufika mlangoni. Nyuma yake kulisikika *chwa, chwa, chwa*. Akageuka. Kasuku alikuwa analivutia ndani jani moja moja, anachana, anatupa, macho yamemtoka kwa raha.

Baba mkubwa akakaa. Nailoni ikalia. Akanyoosha kidole, akalisogeza hindi karibu zaidi, akatazama kushoto na kulia kama mwizi.

"Mama! Bubu! Njooni muone nilichogundua!"

Tangu hapo akawa bingwa. Kila jioni alipiga magoti zuliani, anasokota magazeti, na lile lililoitwa jaa sasa likaitwa utaalamu. Fulana ilifumuliwa na mwenye nayo mpaka ikabaki uzi. Chini yake manyoya mapya yakaanza kuchomoza, ya kijivu, kama ndevu za mvulana.

Meneja wa hoteli alipokuja, kasuku hata hakumtazama. Alikuwa na kazi. Aliinua kichwa mara moja tu, meneja alipoweka mkono kwenye kochi: "Msivute nailoni!" Meneja akacheka mpaka machozi, akauliza habari za huyo ndege. Hilo lilikuwa kosa lake.

"Ndege ni kiumbe wa kazi, bwana," baba mkubwa alianza, tumbo mbele. "Kuna wajinga wanammwagia mbegu kwenye kibakuli, tena zimemenywa! Ataacha kuchanganyikiwa? Haya nimeyagundua mwenyewe, kwa akili yangu." Akamnyooshea Bubu kidole. "Huyu anafagia hapahapa kila siku, hajaona kitu. Au uliona?"

Maneno yalimjaa Bubu kifuani, safari hii yamejipanga vizuri kabisa, ungeyasikia mpaka barabarani. Akamtazama kasuku. Akalikumbuka lile boksi.

"Hapana, baba mkubwa," alisema. "Sikuona."

"Si nilikwambia?" baba mkubwa alimgeukia meneja.

Wakati wa kula alishika upawa mbele ya mgeni, akachimba mpaka chini, akaibuka na nyama yake, uso unang'aa. Mama mkubwa akamwinamia Bubu sikioni.

"Umeshajua kupika, mwanangu."